Nukta ya Mdogo Wangu Niliiweka Mwenyewe

Admin, asante kwa kukubali kunifichia jina. Huwa nasoma visa vya wenzangu hapa bila kuandika hata neno moja. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na miwili, Mkenya, nimeolewa na nina binti mmoja. Tunaishi Barking, mwaka wa kumi na moja sasa. Kwetu ni Tana River. Nafanya kazi katika taasisi moja hapa London inayofuatilia magonjwa ya virusi yanayoenezwa na mbu, kwa watu na kwa wanyama. Kila msimu wa mvua ripoti huingia kutoka nchi mbalimbali, tunazipanga wiki kwa wiki na kuweka nukta kwenye ramani. Mnyama nukta ya manjano, mtu nukta nyekundu. Ripoti ambayo maabara haijaithibitisha haitoki nje, na hilo tumelitilia sahihi.

Mdogo wangu, nitamwita Elisha, ndiye aliyebaki nyumbani na mama. Alikuwa na mke, watoto wawili, mbuzi na kondoo. Mwaka jana mvua ilipitiliza, mto ukafurika, maji yakakaa malishoni wiki nyingi. Baadaye zikaanza kuja ripoti za mifugo kutupa mimba katika kaunti jirani. Ofisini sote tulishuku kitu kimoja, homa ya Bonde la Ufa, ambayo mtu huipata pia kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa. Lakini sampuli za damu ya mifugo hiyo zilikuwa bado maabara.

Jumanne moja, nikiwa kwenye treni natoka kazini, Elisha akanitumia ujumbe wa sauti. Kondoo kumi na mmoja walikuwa wametupa mimba kwa siku tatu, na wana-kondoo waliozaliwa hai walikuwa wamekufa wote. "Dada, wewe si unafanya kazi ya mambo ya mbu? Hii ni nini, na nifanye nini?"

Nilijua. Sitawadanganya. Nilisikiliza mara mbili, kisha nikamwandikia amwite daktari wa mifugo, na kwamba nitampigia Jumapili. Basi. Nikashuka, nikapitia dukani kununua maziwa.

Daktari wa mifugo hakuweza kufika, barabara ilikuwa imekatika. Elisha akaendelea kuwazalisha kondoo kwa mikono mitupu, kama baba alivyotufundisha. Alhamisi akamchinja mmoja aliyekuwa hawezi kusimama, ili nyama isipotee. Jumapili nilipompigia alikuwa na homa. Akasema ni malaria tu, ameshameza dawa. Nikaona nikianza kueleza nitamtisha mtu mgonjwa, nikamwambia anywe maji mengi. Jumatano akaanza kutokwa na damu puani na kwenye fizi. Walimvusha kwa boti, wakamfikisha hospitali. Ijumaa asubuhi akafariki. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Sikulia. Mazishi niliyatazama kwenye simu, picha ikikatika na kurudi. Mume wangu alilia. Binti yangu akanishika bega, akaniuliza kwa Kiingereza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, nikaenda kukunja nguo.

Wiki iliyofuata majibu ya maabara yakaingia. Mwanamume, miaka thelathini na minne, mfugaji, na kijiji ni chetu. Jina huwa haliandikwi. Mimi ndiye hupewa ripoti za Kenya kwa sababu nayajua majina ya mahali, na meneja wangu hakujua kwamba huyo ni ndugu yangu, nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku mbili tu, nikasema nina msiba wa familia. Nikajaza, nikabonyeza, nukta nyekundu ikatokea. Kisha nikaenda kula. Ilikuwa wali na kuku. Nilimaliza sahani.

Kwa miezi mingi nilijiambia ni ile sahihi iliyonifunga mdomo. Lakini kumwambia mtu asimshike kondoo anayetupa mimba bila glavu, asimchinje mnyama mgonjwa, hiyo si siri ya ofisi yoyote. Hata redio za nyumbani hulitangaza. Ningelisema kwa nusu dakika, bila kutaja ramani wala ripoti. Nilikuwa nimechoka tu siku ile, na nilikuwa nimezoea Elisha kuniuliza vitu.

Sasa, mke wake, Rehema, alipeleka simu ya marehemu kwa fundi, kwa kuwa kioo kilikuwa kimevunjika. Ilipowaka akausikia ule ujumbe na kuliona jibu langu. Akanipigia. Hakufoka. Alisema, "Wifi, nimeona alikuuliza. Sitaki maneno mengi. Ulijua, au hukujua?"

Nikamwambia mtandao ni mbaya, nitampigia. Leo ni siku ya tisa.

Mume wangu anasema nijibu kwamba sikujua. Anasema ukweli hautamrudisha Elisha, ila utaivunja nyumba, na mama ni mzee, hana mtoto mwingine ila mimi. Nikisema nilijua, huenda nikawapoteza Rehema na watoto wa mdogo wangu. Na mama pia. Nikisema sikujua, najua nitalitamka vizuri kabisa bila sauti kutetemeka, na hapo ndipo najiogopa. Tangu Elisha afariki hakuna kinachoniingia moyoni. Napika, naenda kazini, naenda kanisani, naimba na wenzangu. Desemba tunakwenda Kenya, tikiti tumeshakata, na tutafikia kwa Rehema.

Jioni hii ameniandikia tena, neno moja tu. "Wifi?"

Mkitaka kunisema, nisemeni, nitasoma yote. Lakini kama kuna aliyewahi kuulizwa swali la namna hii na mjane, naomba anieleze alijibu vipi na akaishije baada ya hapo. Nimwambie nini Rehema?