Bise na Bisi

Haya ninayowasimulia yananiaibisha mpaka leo, na kama si kwamba wenzangu wa kazini wameshayatangaza Gisenyi nzima ningenyamaza zangu, lakini kwa kuwa wao wanaongeza chumvi (eti nilituma ambulansi tatu, wakati mji mzima tulikuwa na moja tu), bora myasikie kwangu mwenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi nimezaliwa Mwanza, wazazi wakarudi Rwanda, nami watu wakasema nimerudi, ingawa sikuwahi kufika. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kusalimia na kuomba chumvi mezani, basi. Nikapata kazi kwenye chumba cha simu cha ambulansi ya mji: meza moja, simu moja, na fonia, yaani ile redio ambayo ukibonyeza kitufe ukaongea anakusikia dereva wa ambulansi, na si yeye peke yake, wanakusikia na wahudumu wa vituo vya afya vyote mpaka Bugeshi na Busasamana kule juu kwenye baridi. Siku ya usaili bosi aliniuliza, "Kinyarwanda unakijua?" Nikajibu, "Sana." Hilo "sana" ndilo lililoniponza.

Wiki mbili za kwanza nilipita salama, maana watu wa mjini wakiona Kinyarwanda kinanikwama walinigeuzia Kiswahili chao, kile cha upande wa Goma, nami nikawa nayadaka maneno yao moja moja, kwa mfano kwamba basi huku wanaliita bisi. Nilijiona mjanja kweli kwa kulijua hilo.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, simu ikalia. Mama mmoja, anahema.

"Allô! Mutume ambulance mbiyo! Mutoto yangu iko ku bise tangu asubui, sasa nguvu imeisha!"

Sasa, ibise kwa Kinyarwanda ni uchungu wa kuzaa, kila mtu Gisenyi anajua. Yule mama alikuwa ananiambia kwamba binti yake yupo kwenye uchungu tangu alfajiri na amechoka. Mimi nilichosikia ni kwamba kuna mtoto yuko kwenye bisi tangu asubuhi na anaishiwa nguvu.

Nakiri kuna kitu kilinigusa. Nilijiuliza huyo mtoto anafanya nini kwenye basi tangu asubuhi, na nilitaka kusema, "Mama, rudia," lakini bosi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai ananitazama, nikaona nikiuliza atajua ile "sana" ilikuwa uongo. Nikauliza tu, "Mko wapi?" Akasema, "Mbugangari, kwa Mama Fatuma, nyuma ya kituo ya magari," na simu ikakatika.

Kituo cha magari! Nikaona mambo yamekamilika. Nikabonyeza fonia kwa madaha: "Faustin, kimbia Mbugangari kwenye kituo cha magari. Mtoto mdogo, hali mbaya, yuko ndani ya bisi." (Hilo "mdogo" niliongeza mwenyewe, wala hakuna aliyelisema.)

Faustin ni dereva asiyeuliza mara mbili. Alifika king'ora kinalia, akakuta bisi ya Ruhengeri imejaa na inaondoka, akaikingia gari mbele, akapanda.

"Hapa watoto iko ine," akaniita. "Mugonjwa njo nani?"

"Anayeonekana hana nguvu."

"Batatu banapiga kelele. Moja analala."

"Huyo huyo! Mlete!"

Nikasikia kwa nyuma mwanamke anapiga kelele, "Mutoto yangu iko nalala tu! We uko na wazimu?" na Faustin anamjibu kwa upole, "Mama, bureau imesema," yaani ofisi, yaani mimi. Mwanamke huyo alikuwa muuza sambaza anapeleka samaki zake Ruhengeri. Abiria kwa huruma zao wakamshusha na mwanawe, wakamfungia mlango wa ambulansi, bisi ikaondoka na kikapu chake juu. Bosi akaniitikia kwa kichwa, vizuri. Nikavimba.

Simu ikalia tena. "Ambulance iko wapi?"

"Mama, tulia, mtoto tumeshampata, yuko njiani."

"Mutoto gani? Bado hajazaliwa!"

Nikaishika fonia kwa mikono miwili. "Faustin, huyu mama anasema mtoto hajazaliwa, na mwanzo alisema yuko 'ku bise', mimi sielewi." Kabla Faustin hajajibu akaingia muuguzi wa Bugeshi, na alisema taratibu kama anafundisha darasa: "Dada Rehema, bise si bisi. Bise njo uchungu ya kuzala. Tuma gari." Halafu Busasamana ikacheka, kitufe wamekibonyeza kabisa, tusikose hata kidogo. Bosi akaweka kikombe chini.

Aibu ilikuja baadaye. Kwanza niliogopa, niliogopa vibaya, kwa sababu nilitazama saa nikaona yule binti amenisubiri karibu saa nzima, na akifa, au mtoto wake akifa, atakuwa amekufa kwa sababu mimi sikutaka kusema neno "rudia."

Faustin akageuza gari na muuza sambaza wake bado ndani. Siku zile dereva alitoka peke yake, kazi yake kuleta mgonjwa tu, na walipofika kwa Mama Fatuma kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaonekana. Faustin akaganda. Muuza sambaza, mama wa watoto sita, akampa Faustin mwanawe amshike, akanawa mikono, akaingia ndani. Mimi nilikaa na fonia kimya inanitazama, nalia, na bosi hakuniambia ninyamaze.

Baadaye Faustin akaita. "Mutoto mwanamuke. Mama yake iko muzima." Na nyuma yake sauti ile ile: "Na sambaza zangu, mubaulize!"

Bosi akaniuliza upya, "Kinyarwanda unakijua?" Nikasema, "Kidogo sana." Akasema, "Basi ukijifunze, na usipoelewa uulize," akachukua kikombe chake. Kikapu nilikifuatilia kwa simu mpaka Ruhengeri, kikarudi kesho yake kwa bisi, kinanuka, na mwenyewe alinisema mpaka nikajua matusi ya Kinyarwanda kabla ya salamu za jioni.

Baada ya mwezi hivi mwanamke mmoja mnene akasimama dirishani kwangu na kichanga mkononi. Alipoongea nikaitambua sauti ya yule mama wa simu.

"Angalia," akasema. "Njo ule mutoto mwenye ulitafuta ku bisi."

Sikujua nicheke au nipige magoti. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza kwa neno moja la Kinyarwanda: "Muterure." Sikulielewa. Na bosi, kama mjuavyo, alikuwa mlangoni na chai yake, na kitufe cha fonia nilikuwa bado nimekibonyeza.

Nikasema kwa sauti, Bugeshi wasikie na Busasamana wasikie, "Subiramo, Mama. Rudia."

Akarudia polepole, "Muterure," huku ananipitishia mtoto dirishani: yaani mbebe.

Nikambeba. Mpaka leo kwenye fonia wananiita Dada Subiramo, na mimi naitika.