Kamba ya Makadara

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, vita vya Wazungu vimekwisha lakini mchele ungali wa kutafutwa, nilipokwenda madukani kununua leso ya kujifunga nikarudi na maneno yaliyonichoma. Mimi chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, niliishia juzuu amma, basi usinidai mpangilio. Nikipotea njia, ningoje, nitarudi.

Tulikuwa twakaa Mji wa Kale, mimi na mume wangu Salim, binti yetu Rukia, na mavyaa wangu, yaani mamake Salim. Mzee wake, babake Salim, alikuwa amefariki. Eda aliimaliza, lakini nje hakutoka tena. Akikaa chumba cha juu, dirishani. Nami kwa mapenzi nikimpandishia kila kitu: chai, maji ya udhu, hata tambuu ya kutafuna nikimtengenezea. Majirani wakinisifu, mkaza mwana kama huyu hapatikani, nami kichwa kikinivimba. Lakini sahani zikawa zarudi na chakula chake, na kwenda msalani akawa ashika ukuta. Salim akaniambia, "Mama yuatuondokea hivi hivi, twamtazama."

Sasa, yule mwenye duka la leso alikuwa Kulsum Bai, Mhindi, mjane naye. Ulimi wake mkali, ila leso zake hazichuji. Akaniuliza, "Mama mkwe yuko wapi?"

"Yupo juu, Bai. Hashughuliki na lolote, nampelekea kila kitu."

Akaiweka leso chini. "Kila kitu? Wewe nafanya mtu kama mtungi! Mtungi ndio nakaa pahala pamoja. Jumapili leta yeye Makadara."

Nilikuwa nawajua wale, yeye na jamaa zake. Kila Jumapili wakifunga duka na kwenda uwanjani huko Makadara, kuanzia bibi hadi anyonyaye, na jamvi, na birika, na bajia. Wakipita chini ya dirisha letu kwa kelele, nikisema watu hawa hawana haya. Kumbe moyoni nikiwaonea wivu.

Salim alikataa. "Mamangu na mke wangu uwanjani? Barazani watanisema mpaka nihame!" Na mavyaa akasema, "Miguu yangu haifiki."

"Basi Mama, mpaka mlangoni tu, umuage Rukia," nikamwambia.

Tulipofika mlangoni Rukia akamshika mkono, asimwachie. Tukaenda hivyo, twapumzika kila penye baraza, Salim nyuma, hakuweza kutuacha twende peke yetu, amebeba jamvi kama aliyeliiba.

Makadara watoto walikuwa wakiruka kamba, Kulsum Bai azungusha ncha moja, mwanawe mkubwa ncha ya pili. Mavyaa aliketi, chai yampoa mkononi. Mara akasema, "Bibi yule azungusha kama akoroga uji."

Kulsum Bai akasikia. "Uji? Njoo wewe basi, fundi!"

Nikaona haya. Mavyaa akaniegemea begani, akainuka, akaishika kamba. Ewe mwanangu, kamba ilivuma! Rukia akaruka. Mavyaa akapaza sauti, "Na babako naye!" Salim akatazama kulia na kushoto, akapandisha kanzu, akaruka mara mbili, ya tatu kamba ikamnasa, kofia ikaenda huku, yeye kule. Mavyaa akacheka hadi buibui likamtoka kichwani. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu jeneza lilipotoka nyumbani.

Tulirudi karibu na magharibi. Nikakimbilia jikoni kumpakulia, nimpandishie kama kawaida. Nikasikia miguu ya mavyaa ngazini, yashuka polepole.

"Leo kumepikwa nini?" akauliza. "Na sahani hiyo iweke papo hapo. Nala na nyinyi."

Basi mwanangu, ukiwa na mzee nyumbani, usidhani kumpelekea chakula kumetosha. Mtoe nje. Toka naye, na mwenzio, na watoto, mkaruke, mkakimbizane, hata mkichekwa. Hao wanaowacheka wameketi tu.

Mola akupe miguu ya kukufikisha uzeeni, na akupe watu wa kutembea nawe. Amin.