Somo langu la kwanza la git: tulivyomfuta Gentil wa Minembwe

Wakuu, heshima kwenu. Humu mimi ni msomaji wa kimya, hata ana kwa ana naongea kidogo. Lakini kila mara kuna anayeuliza git, ile programu ya kutunza historia ya kazi, inasaidia nini, mnamjibu kwa maneno makubwa mpaka anakimbia. Mimi nawapa yaliyotokea kwetu Baraka, Fizi, kando ya ziwa. Sikutia chumvi, haikuhitaji.

Niko secondaire. Tulikuwa na club ya ordinateur, yaani kompyuta: vijana wachache, machine moja, chumba cha kuazimwa chenye panneau ya umeme wa jua. Chumba ni cha wenye boti za ndagala, nyinyi mnaita dagaa. Sharti lao: tuwatengenezee kitu cha maana, la sivyo chumba kinarudi kuwa stoo ya nyavu.

Tukachagua programu ya kuonyesha siku za giza. Ndagala huvuliwa kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa boti zinapumzika.

Ndiyo, wavuvi wanaweza kuangalia juu tu. Hilo hatukuliwaza. Tulikuwa na ordinateur.

Hesabu zote alifanya Gentil, kijana wa Minembwe, kule juu milimani kwa wafugaji wa ng'ombe. Kabla ya kuja kusoma kwetu hakuwahi kuona ndagala mbichi. Ni yeye pia aliyetuletea git. Akanieleza hivi: "Kazi ikitembea, unafanya commit. Ni kusema, hapa nilifika. Kesho ukiharibu, unarudia pale."

Kitu cha kwanza git inachotaka ni jina lako. Kwetu kuulizwa jina njiani si mchezo: linaonyesha kabila lako, linaweza kukupitisha, linaweza kukubakisha.

Gentil akaandika majina yake yote. Papy, mkubwa wa club, akaandika "Président".

Halafu vita ikachacha tena milimani, kati ya watu wa kule juu na watu wetu. Gentil akapanda kwao na mjomba wake kabla njia haijafungwa.

Asubuhi ya siku ya kuwaonyesha wenye boti programu, Papy akaingia amekunja uso.

"Jina ya Gentil itoke. Na kila kitu aliandika."

"Yote?"

"Yote! Batu banazika bandugu yao, we unataka baone jina ya kule juu?"

Sikumcheka. Siku zile kila mtu alikuwa na wa kumlilia. Papy aliogopa, na mimi niliogopa.

Sasa, git inajua kila mstari uliandikwa na nani. Papy akafuta ya Gentil yote, akafanya commit, ujumbe wake: "Usafi."

Tukafungua programu. Ilibaki "Karibuni", rangi ya kijani, na neno Président.

Mwezi hakuna.

Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Imekufa?"

"Hapana, président. Iko safi."

Akabonyeza mara ya tatu. Halafu, bila kuniangalia: "Mumurudishe."

Ni amri moja tu wakuu, git revert, inayotengua commit. Mwezi ukarudi kama haukuwahi kuondoka. Kwenye ujumbe nikaandika: "Karibu tena."

Mchana wenye boti wakaja. Programu ikatembea vizuri. Mama Riziki, mwenye boti nyingi kuliko wote, akauliza: "Hii hesabu ya mwezi, nani aliifanya?"

Papy akaangalia viatu vyake. Sauti iliyojibu ilikuwa yangu, nami nilishangaa kama wengine.

"Ni Gentil, mama. Wa Minembwe."

Mtu akakohoa. Mama Riziki akaisogelea screen.

"Mutoto wa ng'ombe ndiye anatufundisha mwezi," akasema. "Aya. Chumba mubaki nayo. Lakini hii rangi mbaya, muitoe."

Rangi ndiyo ilikuwa kazi ya Papy.

Nilipopata network nikapeleka yote kwenye mtandao. Baadaye Gentil naye akapata network kwenye kilima fulani, akaniandikia: "Nimesoma historia. Asubuhi Président alinifukuza, mbele ya chakula ya mchana mukanirudisha. Hata serikali haijafikia hiyo mbio."

Nilisahau kwamba git inaandika pia jina la anayefukuza.

Funzo kwa anayeanza: fanya commit mapema, weka jina lako la kweli, na kabla ya kufuta kazi ya mtu, angalia kwanza nini kitabaki.

Kwenye machine Gentil amerudi. Hapa Baraka bado. Kwa hilo hakuna amri niliyoipata.

Nanyi wakuu, mliwahi kumfuta nani mkaona mwezi umepotea? Semeni, nitasoma yote.