Power trim ya boti ilivyoniaibisha mbele ya bibi harusi

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, marahaba kabla hamjaniamkia. Hapa sitii chumvi, maana niliyeaibika ni mimi mwenyewe.

Ni mzee wa Nyantakara, Biharamulo. Shule niliishia darasa la tatu, lakini boti ni yangu na injini ni yangu.

Injini ina power trim. Unabonyeza swichi, inainuka yenyewe. Raha sana ikikubali.

Jumamosi hiyo tuliipeleka boti mwaloni, ufukweni mwa ziwa, kwa lori la Fuso, imetoka kupakwa rangi nyumbani. Kazi ilikuwa kumvusha binti wa mdogo wangu kisiwani akafunge ndoa. Padri alishasema saa nane anaondoka.

Boti ikaingia majini. Tulipofungua kamba iliyoshikilia injini, ikashuka puu! Propela ikazama mchangani.

Nabonyeza swichi. Pampu inalia ngrrr, injini haipandi hata kidogo.

Fundi wa mwaloni: "Betri hiyo, mzee." Tukabadili betri. Ngrrr.

"Basi oili." Oili imejaa.

"Pampu imekufa, mzee wangu. Tuifumue."

Nikamuuliza, "Wewe ni fundi au mpiga ramli?"

Boti nyingine zote zimeshatoka. Bibi harusi kakaa juu ya kreti la soda, gauni kalikunja magotini, poda inachuruzika kwa machozi. Shangazi zake wananitazama kama mwizi wa kuku.

Mkwe wangu Saveri, mtu wa Mugoma, kasimama hatua tatu kutoka kwangu. Anatazama maji. Kwetu mkwe hamkosoi baba mkwe, tena mbele za watu!

Mara akasogea pembeni na simu.

Haikupita muda, yangu ikaita. Binti yangu Jeneroza, mke wa huyo Saveri, yuko nyumbani Nyantakara.

"Shikamoo baba. Eti ile skrubu uliyoilegeza jana, uliikaza?"

Wakuu, masikio yalipata moto.

Kuna skrubu ubavuni mwa bracket, kile chuma kinachoshika injini kwenye boti. Ukiilegeza, unainua injini kwa mikono. Jana yake betri haikuwepo, nikailegeza mwenyewe Saveri akiona, nikainua, nikafunga kamba. Ikibaki wazi, pampu inazungusha oili bure tu.

Nikachukua bisibisi, nikakaza. Swichi. Injini ikapanda taratibu, haina hata aibu. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Saveri bado anatazama maji.

Kisiwani tulimkuta padri ameshavaa life jacket ya kuondokea. Akaivua, akafungisha ndoa.

Kwa hiyo pampu ikilia na injini haipandi, anza na hiyo skrubu kabla hujafumua chochote.

Saveri nilimwambia, "Ukiniona nakosea kwenye boti, sema hapo hapo."

Akajibu, "Sawa baba," anatazama maji.

Najua kabisa, siku nyingine nikikosea, habari itapitia tena kwa Jeneroza. Simu yangu siizimi.

Wenye wakwe, wenu wanawaambia? Mafundi nanyi semeni, ila habari za betri sitaki kusikia.