Uzi Uliokuwa Ukipungua Kambani

Aibu hii nimeificha miaka, lakini kwa kuwa tuko wenyewe kwa wenyewe, acheni nijicheke kabla hamjanicheka nyinyi.

Miaka ya themanini hiyo, hapa hapa Malindi, uzi wa kufumia ulikuwa haushikiki madukani, nami nikajiona mjanja, nikamwomba seremala anitengenezee gurudumu la kusokotea kwa ringi ya baiskeli mbovu, pamba nikanunua kijiji cha Ganda, nikawa nasokota mwenyewe. Nikimaliza nauzungusha uzi baina ya kiganja na kiwiko nijue umefika wapi, naulowesha, nauanika uani. Sasa basi, ukikauka nikiupima tena, umepungua. Kila mara!

Uani tulikuwa wawili tu, mimi na jirani yangu Mwanakombo (ambaye, nisiwafiche, ndiye aliyeninyonyeshea mwanangu nilipougua). Shetani akanong'ona: kama si yeye, nani? Basi akinisalimia namtazama mikono, akicheka nadhani anacheka uzi wangu. Mwisho nikapata akili (niliiita akili): nikauchovya uzi kwenye manjano, nikauanika mbichi. Atakayeugusa ataonekana.

Alasiri kulikuwa na singo ya mpwa wake, biharusi anasuguliwa, nyumba imejaa wanawake. Naingia, namkuta Mwanakombo ana viganja vya manjano mpaka vifundoni. Damu ikanichemka, nikamshika mkono mbele ya watu wote.

"Mwanakombo, uzi wangu umeuficha wapi?"

Biharusi akainua uso, nao wa manjano kuanzia paji hadi shingo (maana singo ile ilikuwa ya liwa na manjano, na aliyekuwa akimsugua ni huyo huyo Mwanakombo). Shangazi wa biharusi akaniuliza taratibu, "Na huyu naye amekuibia, mwanangu?" Wanawake wakaangua kicheko. Mwanakombo hakucheka.

Mtadhani niliomba radhi. Wapi! Nilirudi nyumbani nikijiambia ameokolewa na singo tu, nikasokota uzi mwingine, nikaulowesha, nikaufungia chumbani kwangu, ufunguo nikaufunga pindoni mwa leso. Ulipokauka nikaupima. Umepungua vile vile. Nikakaa chini. Kumbe pamba iliyosokotwa ikinywa maji hujikunja yenyewe, na mwizi niliyekuwa nikimsaka alikuwa ndoo yangu.

Nilikwenda kumwomba radhi mbele ya wanawake wale wale, kwa sababu heshima niliyoivunja hadharani singeweza kuirudisha faraghani. Nililia, sioni haya kusema. Akanijibu, "Nimekusamehe, dada. Mwanao ni wangu."

Siku hizi uzi naupima ukishakauka, na nimeapa, hata kuku wangu akipotea simtaji mtu. Naamini alinisamehe kwa moyo mmoja. Ila tulizoea kuacha milango wazi pale uani, na tangu siku ile Mwanakombo akienda hata kisimani hufunga mlango wake kwa kufuli, nami sina uso wa kumuuliza anamwogopa nani.