Nirudishieni Ile Mbovu

"Nirudishieni ile mbovu!"

Duka zima liligeuka kututazama. Wifi yangu alikuwa amesimama mbele ya kaunta, mikono kiunoni, na juu ya kaunta tumelitua boksi la skrini ya kompyuta tulilolibeba wawili, mimi mbele yeye nyuma, tukigombana njia nzima nani anatembea vibaya.

Muuzaji alikuwa bwana wa makamo tuliyekuwa tukimwita Bwana Tai, kwa sababu tai yake ilikuwa na doa la chai lisilohama.

"Mama, hebu nielewe," alisema. "Hii unayorudisha ni mbovu?"

"Hii sijui kama ni mbovu."

"Na hiyo unayoitaka ni nzima?"

"Ile ni mbovu. Wenyewe mlikubali mkanibadilishia. Sasa naitaka."

Bwana Tai akanigeukia mimi, kama vile mimi ndiye niliyemleta mgonjwa hospitali. Nikatazama feni.

Nieleze tangu mwanzo, maana hata mimi niliyekuwepo sikuelewa upesi.

Wifi huyu ni dada wa mume wangu, mpiga picha. Mtaani wanamwita Cheka Kidogo, kwa kuwa ndilo neno analowaambia wateja, ingawa yeye mwenyewe ukimwona anacheka ujue kuna mtu kaanguka. Alianza kazi akiwa mfagiaji kwenye studio ya mzee mmoja. Ufagio mkononi, jicho kwenye kamera. Mzee alipoanza kupoteza macho alimwachia kamera, stuli na pazia. Mume wa wifi naye akaenda kutafuta maisha mbali, akayapata hukohuko, na mke juu. Basi wifi akalea mabinti wawili kwa picha ndogo za vitambulisho, ndani ya chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Kuna kioo cha kujitazamia, kitana kilichofungwa kamba kisitembee na mteja, na koti moja jeusi ambalo nusu ya wanaume wa mtaa wetu wamepigiwa picha nalo. Ukizikusanya picha zao utadhani ni ukoo mmoja.

Skrini yake ya zamani, ile nene yenye kisogo, siku moja ilitoa moshi ikazima. Tukaenda kununua nyingine.

"Unataka inchi ngapi?" aliuliza Bwana Tai siku hiyo.

"Ya kuenea uso wa mtu."

"Inayong'aa au isiyong'aa?"

"Inayoonyesha."

"Ya michezo au ya kazi?"

"Mimi na michezo wapi na wapi?"

"Hezi ngapi?"

"Za kawaida," tulijibu kwa pamoja, kama watu tunaojua hezi ni kitu gani.

Ukutani skrini zilipangwa safu, na zote zilikuwa na kasuku mmoja. Kwenye hii kasuku ni kijani cha majani, kwenye ile kijani cha chupa, kwenye ya pembeni karibu awe bluu. Wifi akauliza kasuku mwenyewe hasa ana rangi gani. Bwana Tai akasema, "Mama, kasuku ni mfano tu." Tukachukua ya katikati, maana ilikuwa katikati. Akatupa karatasi ya waranti, miaka miwili, ikiharibika wanabadilisha.

Sasa, kulikuwa na mama mkunga. Huyu ndiye aliyewapokea mabinti wote wawili wa wifi, na mdogo alikuja kwa shida, miguu kwanza, usiku ambao mume alikuwa ameshahama. Mama mkunga alikuwa anastaafu, na wauguzi walitaka picha yake kubwa waitundike kwenye ukuta wa wodi ya wazazi. Alikuja kupigwa picha amevaa sare, akalipa yote mkononi kabla hata hajakaa kwenye stuli. Wifi alimwambia, "Mama, picha hii nitaitengeneza kuliko zote nilizowahi kutengeneza." Afadhali angeuma ulimi.

Maana skrini mpya ilitoa mstari. Mwembamba kama uzi, toka juu mpaka chini. Wifi akadhani ni kosa la kamera, akaanza kuufuta kwa ile brashi ya kwenye kompyuta. Haufutiki. Akafuta zaidi, ulimi nje, jioni nzima, juu ya uso wa mama mkunga. Alipochapa picha kubwa, mstari haukuwepo, lakini palepale alipofuta ngozi ilivurugika toka kwenye paji la uso mpaka kidevuni.

Mama mkunga alivaa miwani akaitazama.

"Hili kovu nimelipatia wapi?"

Wifi akashika kichwa. Ni mimi niliyesema, "Wifi, mbona picha umeshaifunga na mstari umebaki kwenye skrini?"

Tukairudisha dukani. Bwana Tai hakubisha, akaleta boksi jingine, gundi yake imebanduliwa ikabandikwa tena.

"Ni mpya hii?" niliuliza.

"Ni sawa na mpya."

"Sawa na mpya ni mpya?"

"Ni sawa, mama."

Hiyo ya pili haikuwa na mstari, ila kila kitu kilikuwa cha njano kama kimepakwa samli. Wifi akaona picha ya mama mkunga ni ya njano, akapunguza njano, akapunguza, mpaka uso ukawa unavyotakiwa. Akachapa. Picha ikatoka ya bluu.

"Mwanangu," mama mkunga alisema taratibu, "mtu akifika rangi hii wodini, tunakimbilia oksijeni."

Tukarudi tena. Bwana Tai akasema rangi si ubovu, kwenye waranti rangi haimo. Wifi akatandaza picha ya bluu kwenye kaunta, wateja wakasogea kutazama, mmoja akauliza marehemu alikuwa nani. Basi Bwana Tai akaenda ofisini, akarudi na boksi la tatu, akasema wanatubadilishia kwa heshima tu.

Ya tatu ilikuwa nyeupe ya ubaridi inayoelekea bluu, kila uso umepauka kama umetoka kwenye friji. Wifi akaongeza njano. Akachapa. Najua umeshajua kilichotokea, lakini sisi hatukujua.

"Manjano," alisema mama mkunga, wala hakuvaa miwani. "Hii naijua. Watoto wa hivi tunawaanika jua la asubuhi." Kisha akaiweka picha juu ya stuli, akasema bila ukali wowote, "Mwanangu, Ijumaa wananiaga. Ukuta wameshaupigilia msumari."

Hapo ndipo nilipomwona wifi amenywea. Angekuwa mteja mwingine, wifi angemtafutia maneno, angemwambia karatasi siku hizi ni mbaya. Huyu angemwambia nini? Alikuja kwangu, akakaa jikoni bila kuvua viatu.

"Ile ya njano inanitolea bluu," alisema. "Hii ya bluu inanitolea njano. Ile ya mstari inanitolea kovu. Wifi, mimi ndiye nimeharibika au?"

"Basi kaziweke mbili pamoja zisuluhishane," nikasema. Nilikuwa natania. Nilikuwa namenya vitunguu, na mtu mwenye vitunguu machoni hasemi la maana.

Yeye akalishika. "Si mbili. Ile ya njano nilishaizoea. Najua inadanganya kiasi gani. Nikiona njano nitajua ni yake, sitaigusa. Hii ya bluu sijaijua tabia."

Hivyo ndivyo tulivyofika dukani kudai kibovu.

"Mama, ile ilishakwenda," alisema Bwana Tai.

"Imekwenda wapi?"

"Kwa mteja."

"Mmempa mtu skrini mbovu?"

"Haikuwa mbovu. Tuliipima."

"Kama haikuwa mbovu, mbona mlinibadilishia?"

"Wewe ulisema ni mbovu."

 Wifi akaweka kiganja juu ya boksi letu. "Na hii mliyonipa, ilitoka kwa nani?"

Bwana Tai akaikamata tai yake. "Kwa mteja aliyesema ina bluu."

Mimi nilitafuta pa kukaa. Wifi hakucheka wala hakufoka, alibaki anamtazama tu, na yule bwana, naona aibu ilimwingia, akaifungua skrini akaiwasha palepale. Akaingiza kidole chini ya ukingo, ambako kulikuwa na vitufe vidogo kama vipele, akabonyeza. Skrini ikawa ya njano. Akabonyeza tena, ikawa nyekundunyekundu. Akabonyeza tena, ikarudi bluu.

"Hii ni ya joto, hii ya baridi, hii ya kati. Zote zimo."

"Zote zimo," alirudia wifi. "Na ya kweli ni ipi?"

"Unayoipenda wewe."

"Sikuulizi ninayoipenda. Mama mkunga ana rangi moja tu."

Bwana Tai akaanza kuifuta skrini kwa mkono wa shati.

"Kwa hiyo hata ile ya njano ilikuwa na vitufe?"

"Inavyo."

"Na hukuniambia."

"Hukuuliza, mama."

Hapo na mimi nikaingia. "Na wewe je? Inchi uliuliza, kung'aa uliuliza, hezi uliuliza mpaka tukaona aibu. Kwamba huyu kazi yake ni nyuso za watu, hukuuliza."

Akasema pole. Ilikuwa pole ya kweli, lakini pole haitundikwi ukutani. Tukalibeba boksi letu tukarudi. Safari hii hatukugombana, hakuna aliyekuwa na nguvu.

Wifi alishinda kutwa kwenye vitufe. Bonyeza, tazama. Bonyeza, tazama. Kila rangi ilikuwa ya kweli kwa muda wa kumeza mate, halafu inakuwa ya uongo. Akaanza kunitazama mimi usoni, kisha skrini, kisha mimi tena, mpaka nikamwambia asinitie kwenye mahesabu yake, mimi na mama mkunga hatufanani hata kivuli. Tayari ilikuwa Alhamisi, na msumari uko ukutani.

Mchana huo mama mkunga akaingia mwenyewe, mkoba begani. Wifi akasimama upesi kama mwanafunzi.

"Mama, nikurudishie hela yako. Nenda kwa mpiga picha mwingine. Mimi nimeshindwa kukuona."

"Hela sitaki," alisema mama mkunga. "Hela huwezi kuitundika. Ninakudai picha." Akavuta kiti cha kuzunguka akakaa. "Hebu niambie. Unanifanya nini humo ndani?"

"Nakurekebisha."

"Nina nini?"

"Huna kitu, mama. Ni skrini. Ukiwa wa njano naondoa njano, ukiwa wa bluu..."

"Subiri. Ile picha uliyonipiga siku ile, kabla hujaanza kunipa dawa, iko wapi?"

"Ipo."

"Umewahi kuichapa?"

 Nikasikia mtu wa duka la dawa upande wa pili anahesabu vidonge.

"Haijarekebishwa, mama," alisema wifi polepole.

"Na nani alikwambia ninaumwa?"

Wifi akachapa. Mashine ilivyokuwa ikiitoa karatasi kidogo kidogo, kofia kwanza, kisha paji la uso, kisha macho, sote tuliiinamia. Alipoitoa hakuitazama chini ya taa yake. Akamshika mama mkunga mkono, akamtoa nje mpaka kwenye ngazi za duka la dawa, kwenye mwanga wa mchana, akaiinua picha kandokando ya shavu lake. Mtu wa dawa akatoka na kijiko chake cha kuhesabia. Nami nikasogea.

Tukatazama uso, tukatazama karatasi. Hudhurungi ileile yenye wekundu kidogo kwenye mashavu, weusi uleule chini ya macho wa mtu aliyekesha miaka mingi kwa ajili ya watu wengine.

"Ni yeye," alisema mtu wa dawa.

 Wifi alikimbia ndani na picha. Tulipomfuata tulimkuta ameishika karatasi ubavuni mwa skrini, kidole chini kwenye vipele, anabonyeza, anaongeza hiki, anapunguza kile, mpaka mama mkunga wa skrini akakaribia kuwa mama mkunga wa karatasi. Hawakufanana sawasawa. "Sijui," alisema, na sijawahi kumsikia akilisema neno hilo mara nyingi hivyo kama wiki ile. "Sijui kama hapa ndipo. Lakini hapa naweza kufanya kazi." Akachukua kalamu akaandika alikoviacha vile vitufe, akabandika ukutani.

Mama mkunga alikuwa bado ameikazia macho picha yake, ameisogeza mbali, ameisogeza karibu.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Hapa chini ya macho. Huwezi kupunguza kidogo?"

"Siwezi."

"Kidogo tu. Watu watakuwa wananiangalia kila siku."

"Mama, sigusi. Hata ukinipigia magoti sigusi."

Mama mkunga akacheka mpaka kiti kikazunguka naye. Wifi akaifunga picha ndani ya gazeti, akazungusha kamba, akaongeza kamba nyingine ambayo haikuhitajika. Mama mkunga akaitia kwapani, akaupanga mkoba begani, na mlangoni akageuka.

"Haya. Sikudai tena."

"Hunidai, mama," alisema wifi, na akaenda kumfungulia pazia la mlango apite.