Walimkata mwanangu kilimi, na mimi ndiye niliyemshika kichwa

Wakuu, poleni na majukumu. Ninayoandika yametokea nyumbani kwangu na sijatia chumvi. Nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Ndosho, Goma. Binti yetu wa kwanza, Neema, alipofikisha wiki tatu alianza kutoa sauti akivuta pumzi. Siyo mafua. Sauti nyembamba ya kukwaruza. Ukimlaza chali inazidi, akilia ndiyo balaa.

Volkano ilikuwa imelipuka, tumekimbilia mji wa Kiwanja kwa mama mkwe. Basi kila mtu akawa daktari. Eti vumbi la volkano! Muuza dawa mmoja akatupatia siro ya kikohozi bila hata kumsikiliza kifua. Kikohozi gani? Mtoto hajawahi kukohoa!

Mama mkwe naye akaja na yake.

"Papa Neema, hiyo sauti ni kilimi. Batoto bote ba hapa balikatwa. Atapumua muzuri."

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Mtoto akitapika, akikataa kunyonya, kinasingiziwa hicho hicho. Mke wangu alikataa. Mimi, mjuaji, nikamwambia asibishane na mama yake.

Akaja mzee mkataji na kisu kilichopinda, amekisuuza kwenye kikombe cha maji ya moto. Nikamshika Neema kichwa kwa mikono hii hii.

Damu ikagoma kukata. Na sauti ikabaki pale pale, wakuu. Pale pale!

Tukatafuta pikipiki turudi Goma. Barabara imefungwa, waasi na jeshi wanapigana upande wa Rumangabo. Siku mbili mtoto anatoa mate yenye damu, hawezi kunyonya, mke wangu anamkamulia maziwa na kumnywesha kwa kijiko. Hakunitazama usoni siku zote mbili.

Siku ya tatu barabara ikafunguliwa, tukafika Goma. Hospitali, daktari alimwangalia koo, akaniuliza:

"Papa, nani alimukata huyu mutoto?"

"Ni sisi, dokta."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Wakamwongezea damu, wakatibu kidonda. Kisha akatueleza: njia ya hewa ya Neema ni laini, inajikunja akivuta pumzi. Wengi hukomaa wenyewe kabla ya miaka miwili. Anyonye akiwa ameinuliwa, abebwe wima baada ya kunyonya, apimwe uzito mara kwa mara. Wachache wanaoshindwa kunenepa au wanaokosa hewa ndio hufanyiwa upasuaji, na hata huo haugusi kilimi. Midomo ikiwa bluu, mbavu zikibonyea ndani, au pumzi ikikatika, ni kukimbia hospitali.

Yaani mwanangu alihitaji kubebwa wima na kusubiriwa. Kubebwa tu! Nilitoka nje nikapiga ngumi ukuta wa mawe mpaka vidole vikavimba.

Sauti iliisha Neema alipoanza kukimbia uani. Leo anaimba kutwa nzima.

Mtoto akitoa sauti ya ajabu, apimwe na anayejua koo, siyo jirani. Na mama mtoto akisema hapana, msikilize. Waliopitia haya waandike hapa chini, na wanaotetea kukata waje pia, ninawasubiri kwa hamu.

Nikichelewa kujibu mjue niko njiani. Shemeji yangu amejifungua Kiwanja, mtoto anatoa sauti ile ile, na yule mzee ameshaitwa. Safari hii nitakachoshika ni mkono wenye kisu.